Mshiriki Mmoja Zaidi

Nimelitunza kanisa moja kwa miaka thelathini na miwili, na mpaka leo asubuhi lilikuwa bado limesimama. Naanza na hilo kwa sababu ninawajua watunza kanisa wa siku hizi, wenye vyeti vya kompyuta, ambao wamepoteza vitambaa vya madhabahu, wamepoteza vinara, na mmoja amepoteza kengele nzima. Mimi niliacha shule darasa la tano. Kusoma nilijifundisha kwa Kitabu cha Sala, kuandika nikajifundisha kwa madaftari ya kanisa, useremala nikauiba kwa macho. Nyumba yangu ya mawe mnaiona mkipita Kisian. Hakuna mtu aliyenishikia hata nyundo. Sasa goti limekataa ngazi za mnara, nimeacha kazi, na Kasisi ameniomba niwaandikie ninyi mnaokuja nyuma yangu. Nitaandika ninayoyajua. Nisiyoyajua pia nitayaandika, maana nayo yalinipata kazini.

Kanisa letu la Kianglikana liko upande wa ziwa, robo saa kwa miguu kutoka barabara ya Busia. Madirisha ya kusini yanatazama maji. Mchana jua likipiga ziwa, mwanga hupanda ukutani ndani ya kanisa ukacheza juu ya vichwa vya watu, na mgeni hudhani kuna kitu kinapita. Mtauzoea. Mimi ulinichukua miaka miwili.

Siku yangu ya kwanza sikupewa ufagio. Mzee Elkana, aliyekuwa mtunza kanisa kabla yangu, aliniketisha benchi la nyuma akaniambia nihesabu watu bila kutumia kidole. Watu wa huku hawapendi kunyooshewa kidole na kuitwa namba. Unahesabu kwa macho, benchi kwa benchi, mdomo umefungwa, kisha unampelekea kasisi idadi ya watakaoshiriki Meza ya Bwana, ili vipande vya mkate vilingane na watu. Ukizidisha, mkate uliobarikiwa haurudi mkebeni, lazima uliwe. Ukipunguza, kuna mtu atakayepiga magoti na kuinuka mikono mitupu.

"Odera, umepata wangapi?" Mzee Elkana aliniuliza.

"Hamsini na wawili, Mzee."

"Umemhesabu yule mama anayenyonyesha nje?"

"Nimemhesabu."

"Umejihesabu wewe?"

Sikuwa nimejihesabu.

"Basi leo hutakula," akasema, na kweli sikula. Mtunza kanisa hushiriki wa mwisho, baada ya watu wote, na nilipofika mbele sahani ilikuwa nyeupe tupu. Tangu siku hiyo sikukosea tena. Andikeni hilo mahali. Nimehesabu Pasaka watu wamejaa mpaka madirishani, nimehesabu kipaimara askofu amekuja na watu wake, na mkate umelingana. Makasisi watatu walinijaribu wakachoka.

Mzee Elkana alinifundisha vyombo. Shaba inasuguliwa kwa majivu na ndimu, si kwa dawa ya dukani ambayo inaacha rangi ya kijani kwenye mistari. Kamba ya kengele iwe ya katani. Ya nailoni inachoma kiganja na haikwambii kitu, ya katani inakuletea uzito wa kengele mkononi ukajua imelia ama imeguna. Popo wa mnarani usipigane nao. Wanatoka saa yao, wanarudi saa yao, na ukiona wametoka mchana, shuka ngazi taratibu ukaulize nani ni mgonjwa.

Halafu akanifundisha madaftari: la ubatizo, la kipaimara, la ndoa na la mazishi. Yanakaa ndani ya kabati la chumba cha mavazi ya kasisi. Aliyafungua mezani, akaniuliza, "Odera, mwanaparishi ni nani?"

"Ni mtu anayekuja kanisani, Mzee."

"Mbuzi wa Mama Penina naye huja kanisani kila siku. Ni mwanaparishi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mwanaparishi," akasema, "ni mtu ambaye sisi ndio tutamzika."

Neno hilo nililibeba miaka mingi kama hirizi, Bwana anisamehe kwa kulinganisha. Lilinisaidia kila mahali. Mtu akilalamika kwamba hajulikani kanisani, nilimwambia: usijali, ukifa nitakupigia kengele. Hiyo ilikuwa desturi ya parishi yetu. Mwanaparishi akizikwa, kengele hupigwa mara moja kwa kila mwaka aliouishi, polepole, pumzi mbili kati ya pigo na pigo. Asiye wetu hapigiwi. Watu walio mashambani huacha majembe wakahesabu, na ikifika sabini huanza kutazamana wakijua ni mzee gani.

Nimepokea majeneza mengi. Nimepokea watu waliotolewa majini siku ya nne, mlango ukabidi ubaki wazi ibada nzima. Sikuogopa. Wenzangu waliweka vitambaa puani, mimi niliimba. Naomba mlijue hilo kabla sijafika kwa Ouma.

Ouma alikuwa mtoto wa pekee wa kiume wa Mama Penina, yule mwenye mbuzi. Mama Penina ni mjane, wa benchi la tatu upande wa kushoto, na sijapata kuona benchi hilo bila yeye. Ouma nilimwona akibatizwa, nikamwona akiwekewa mikono na askofu, na kwenye karamu za kanisa nilimwona kila mara akimwachia mama yake kichwa cha samaki, macho yametazama chini. Alipokuwa mdogo taa ya mafuta ilimwangukia ikamwachia alama nyuma ya shingo, kama jani lililokunjwa. Alipokua alifanya kazi kwenye mashua za mchanga. Siku moja mashua ilirudi ufukweni peke yake, kichwa chini miguu juu. Wenzake wawili walipatikana. Ouma hakupatikana. Walimtafuta wiki mbili, kisha wazee wa ukoo wakasema yatosha.

Kwa sisi watu wa huku, mtu hawezi kuachwa bila kaburi nyumbani kwao. Maji yakikataa kumrudisha, wazee hukata tunda la mti wa yago, lile refu, zito kama mkono wa mtu mzima, hulivika shuka na kulilaza kaburini badala yake. Likishafukiwa, basi. Mtu huyo amekufa. Hata akija kesho kubisha langoni, hafunguliwi, kwa sababu wanasema akiingia, kile kifo alichokikwepa kitachagua mwingine ndani ya boma.

Kasisi wetu wakati huo, Kasisi Yeremia, alikataa kwenda. "Siwezi kusoma maneno ya mazishi juu ya tunda," alisema. "Tutamwombea Ouma, lakini sitazika mtu ambaye sijui yuko wapi." Hakuwa mtu mbaya. Ila Mama Penina alikuja akaketi kwenye ngazi za chumba cha mavazi nilipokuwa nikisugua vinara.

"Baba Akinyi," akaniambia, maana Akinyi ndiye mtoto wangu wa kwanza, "mwanangu alibatizwa hapa."

"Hapa hapa, Mama. Maji niliyateka mimi."

"Na hatapigiwa kengele? Kama mtu wa kando?"

Mimi ni mtu wa kurekebisha mambo. Kiti kikivunjika siiti mkutano. Nikamwambia nenda ukazike, utasikia.

Saa tisa alasiri, walipokuwa wakifukia lile tunda, nilishika kamba. Ouma alikuwa na miaka ishirini na saba. Nilipiga vizuri kuliko siku zote. Ziwa lilikuwa limetulia kama sahani, na kila pigo nilisikia likienda juu ya maji na halirudi. Pigo la ishirini na sita lilipotoka, mkono mwingine ukashika kamba juu ya mkono wangu. Kasisi Yeremia.

"Nani amekufa, Odera?"

"Ouma, Kasisi."

"Nani amekuambia upige?"

Nikaachia kamba. Akasimama pale akishika kamba mpaka kengele ikanyamaza yenyewe. Hakuna aliyejua kwamba lilibaki moja. Mazishini watu walikuwa wakilia, nani angehesabu? Kasisi hakujua nilianza lini. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Lakini kazi nusu sijawahi kuiacha, kwa hiyo kesho yake nilifungua daftari la mazishi nikaandika kwa mkono wangu: jina, ishirini na saba, maji. Mahali pa sahihi ya kasisi nikapaacha wazi. Kasisi Yeremia alistaafu mwaka huo bila kufungua ukurasa ule.

Ikapita miaka sita. Alikuja Kasisi Roselyne, mwanamke wa Muhoroni, mwepesi wa kucheka, na mkali ukichelewa. Yeye hakuwahi kumwona Ouma.

Ndipo hesabu yangu ikaharibika. Jumapili ya kwanza nilihesabu hamsini na wanane pamoja na mimi, vikawekwa vipande hamsini na vinane. Nilipofika mbele, wa mwisho, sahani tupu. Kasisi akanitazama, akavunja kipande chake akanipa nusu. Nilirudi nyumbani nikahesabu ile ibada yote kichwani, benchi kwa benchi, na haikukosea popote. Jumapili ya pili nilihesabu mara mbili. Sitini na mmoja. Sahani tupu tena.

"Odera, macho ni ya uzee?" Kasisi aliniuliza tukiwa chumba cha mavazi.

"Mama Kasisi, macho yangu yanaona nzi akitua Kisumu."

"Basi ulimsahau yule wa pembeni."

"Yupi?"

"Yule wa kwenye nguzo. Hupiga magoti mwisho kabisa wa ule ubao wa mbele ya madhabahu, karibu na mlango mdogo. Ana koti amelifunga mpaka shingoni. Hufungua mikono lakini hasemi amina."

 Nimesimama kanisani humo kila Jumapili ya maisha yangu ya utu uzima, nami sikuwa nimemwona mtu mwenye koti. Nikawauliza wanakwaya wanaoketi upande ule. Hakuna aliyemwona. Mmoja akasema: ila wakati wa kushiriki upande ule huwa na baridi kidogo, tulidhani ni mlango haujafungwa.

Jumapili ya tatu sikufumba macho. Watu walikwenda mbele, wakapiga magoti, wakarudi. Kundi la mwisho lilipoinama, mlango mdogo ukafunguka kiasi cha mtu kupita kwa ubavu. Akaingia. Akapiga magoti nyuma ya nguzo, akainamisha kichwa, na kola ya koti ikashuka. Pale shingoni palikuwa na jani lililokunjwa.

Nilimfuata nje ibada ikiendelea. Ilikuwa saa tano na nusu, jua limekaa juu ya kichwa, kivuli cha mtu kiko chini ya nyayo zake tu. Alisimama chini kwenye nyasi, uso kwa ziwa. Koti zito, joto lile la kuyeyusha lami, na hapakuwa na jasho hata tone kwenye paji lake.

"Ouma?"

"Ndiyo, Baba."

"Wewe ni mtu ama ni nini?"

"Sijui unavyoniona."

"Ulizikwa."

"Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Kengele. Ishirini na sita." Akageuka akanitazama. "Uliniachia moja, Baba. Hiyo moja ndiyo nimekuwa nikiishi nayo."

Nimewaambia sikuogopa watu wa siku ya nne. Siku hiyo nilishika ukuta wa kanisa.

Nilimuuliza alikuwa wapi miaka yote hiyo. Akasema, ng'ambo. Nikasema ng'ambo gani, Uganda ama Tanzania? Akasema ng'ambo tu, na sikupata zaidi ya hapo mpaka leo. Alichotaka alikisema waziwazi. Langoni kwao alikwisha kusimama. Mama Penina alimwona kwa mbali, akawakusanya wajukuu, watoto wa binti yake, akafunga mlango. Kwao hawezi kukanyaga. Lakini kanisa, alisema, si boma la mtu. Hapa tu ndipo anaweza kuwa chini ya paa moja na mama yake bila kuvunja mwiko. Alitaka aingie kwa mlango mkubwa, aketi, ashiriki mbele ya watu, mama yake amwone yu hai. Ikishindikana ataondoka, na safari hii hatarudi.

Nikamweleza Kasisi, naye akaita wazee wa kanisa. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Okeyo, baba mdogo wa Ouma, ndiye aliyekata lile tunda kwa panga lake.

"Mama Kasisi, wewe ni mtu wa Muhoroni," Mzee Okeyo alisema. "Mambo ya maji huyajui. Kule kwenu mtu akipotea amepotelea kwenye miwa, kesho mnamkuta amelewa."

Wazee wakacheka. Kasisi naye akacheka, kisha akasema, "Na huyu wenu je, amelewa?"

"Huyu tulimzika. Si sisi peke yetu. Kanisa lilimpigia kengele. Kanisa lilimwandika. Odera, leta kitabu waone."

Nikakileta. Kasisi akaweka miwani, akapitisha kidole kwenye mistari, akasimama kwenye mwandiko wangu.

"Sahihi ya kasisi iko wapi?"

 Ningeweza kusema kasisi wa zamani alisahau. Yeye alikuwa ameshakwenda kwao, mbali. Lakini wino ule ulikuwa wangu, na kwa wino ule mtu mzima alikuwa akisimama kwenye nyasi kama kitu kilichotupwa na maji.

"Hapakuwa na kasisi," nikasema. "Nilipiga bila ruhusa, nikaandika bila ruhusa. Na kengele sikuimaliza. Nilipiga ishirini na sita."

Mzee Okeyo alisimama. "Odera! Wewe uliyetuambia miaka yote hujakosea hata nukta?"

"Nukta sijakosea, Jaduong', mzee wangu. Nimekosea mtu."

Hakuna aliyecheka hapo. Kasisi akafunga daftari la mazishi, akafungua la ubatizo, akatafuta taratibu mpaka akampata. "Huku yumo," akasema. "Na huku sahihi ipo. Alipobatizwa alifanywa wetu, na sijaona mahali ambapo ubatizo unaondolewa na tunda. Jumapili ataingia kwa mlango mkubwa."

"Na nani atapiga magoti karibu naye?" Mzee Okeyo akauliza. "Nani atakunywa kikombe kilichotoka mdomoni mwake?"

Kwetu kikombe ni kimoja, kinapita mdomo kwa mdomo. Kasisi alivua miwani. "Hilo siwezi kumwamuru mtu," akasema.

Nilikwenda kumweleza Mama Penina mwenyewe. Alikuwa akichambua dagaa wa omena uani, wajukuu wakicheza karibu na lile kaburi.

"Mwanangu yuko pale," akasema, bila kuinua macho. "Huyo mwingine simjui. Nina watoto ndani ya boma hili, Baba Akinyi. Usinipimie uchungu wangu."

"Sikupimii, Mama. Nakuarifu tu."

Nilipofika langoni akaniita. "Amekonda?"

Nikamwambia amekonda. Akarudi kwenye omena zake.

Jumapili hiyo walikuja mpaka watu wa Awasi, ambao sijui nani aliwaambia. Nilihesabu mia moja na arobaini na watatu, na nikamhesabu Ouma. Aliingia kwa mlango mkubwa na koti lake. Alipoketi, benchi lile likabaki lake peke yake, na la mbele yake, na la nyuma yake, ingawa wengine walisimama ukutani. Wakati wa kupeana amani, mikono ilipita kila mahali kama ndege, hakuna uliotua kwake. Mimi nilikuwa mlangoni na kazi zangu. Ningeweza kwenda nikampa mkono. Sikwenda. Naliandika hilo pia.

Ikafika wakati wa kushiriki, na hapo nikaona jambo ambalo sijaliona tena. Watu wetu huwa wazito kuinuka, wanasukumana kwa adabu, tangulia wewe, hapana, wewe. Siku hiyo walikimbia. Kila mtu alitaka kunywa kabla yake. Mama Penina naye alikwenda mapema, amebeba kikapu kilichofunikwa kitambaa, ambacho hakukiacha hata alipopiga magoti, akarudi benchi la tatu akatazama mbele. Watu wote walipokwisha kurudi, Ouma akainuka. Akatembea katikati ya kanisa lililojaa watu na hapakuwa na sauti isipokuwa viatu vyake. Akapiga magoti katikati ya ule ubao mrefu, peke yake.

Na baada ya wote ni mtunza kanisa.

Nilitembea. Nilipiga magoti kando yake, bega kwa bega, nikasikia ile baridi wanakwaya waliyoisema; ilitoka kwenye koti lake kama inavyotoka kwenye mtungi. Mwanga wa maji ulikuwa ukicheza ukutani juu ya madhabahu. Tukapewa mkate. Kikombe kikaja kwake. Sikutazama, lakini masikio hayafungiki. Nilisikia akimeza. Alimeza kwa shida, kama mtu ambaye koo lake limekauka siku nyingi, na nyuma yangu watu mia moja na arobaini walimsikia.

Kisha kikombe kikawa mbele yangu. Kasisi alikuwa amefuta ukingo kwa kitambaa na kukizungusha kidogo, kama ilivyo kawaida, lakini ukungu wa pumzi ya Ouma ulikuwa bado kwenye fedha. Unaweza kusema pumzi si kitu. Mimi niliutazama ule ukungu mpaka Kasisi akaninong'oneza jina langu. Mzee Elkana aliniambia mwanaparishi ni mtu tutakayemzika, na nilikuwa nimemzika huyu, kwa kamba na kwa wino, na bado sikujua yeye ni nani wangu. Nikakunywa. Divai ilikuwa divai.

Ibada ilipokwisha watu walitoka nje lakini hawakwenda nyumbani. Walisimama mbali, chini ya uzio. Ouma alikaa kwenye ngazi za chumba cha mavazi, mgongo kwa kila mtu. Mama Penina akanijia na kikapu.

"Mpelekee. Usimwambie ni cha nani."

Kilikuwa ugali na ngege mmoja mzima wa kukaanga. Nikampelekea. Niliporudi, Mama Penina alikuwa amesimama nyuma ya pembe ya ukuta, mahali ambapo haoni ngazi.

"Angalia kama kinapungua," akaniambia. "Wafu wanakula harufu tu. Chakula kinabaki vile vile."

Nikachungulia. "Ugali umepungua, Mama."

"Samaki?"

"Anakula samaki. Anatoa miiba."

"Anaiweka wapi?"

"Ukingoni mwa sahani, kwa mstari."

 Nilimsikia akipumua kwa mdomo. 

"Na sasa?"

"Amemaliza, Mama. Kimebaki kichwa tu. Hajakigusa."

Huku kwetu kichwa cha ngege hakiachwi. Watoto hupigania kichwa. Mama Penina aliniuliza tena, kana kwamba mimi ni kiziwi, "Kichwa ameacha?"

"Ameacha. Amekigeuza macho yatazame chini."

Akanisukuma kando, si kwa adabu. Akapita pembe ya ukuta akaenda mpaka kwenye zile ngazi, akasimama mbele yake. Ouma aliinuka haraka kama mtu aliyekamatwa, akataka kurudi nyuma, asimguse. Mama Penina hakumtazama usoni. Aliinama akachukua ile sahani, akaketi kwenye ngazi, akakishika kichwa cha samaki kwa vidole viwili, akaanza kukinyonya.

Kisha akasogea kidogo, akamwambia, bila kupitia kwangu, "Kaa."